Seneta, mbunge na diwani: nani hutunga sheria, nani huleta barabara?

Mwezi Oktoba 2024, Seneti ya Kenya ilipokaa hadi usiku kusikiliza mashtaka dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua na hatimaye kumwondoa madarakani tarehe 17, mjadala ule haukuishia Nairobi. Ulifika hadi Mwanjelwa na Mafinga, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kupitia simu za mkononi, na pamoja nao likaja swali ambalo hurudi kila mkutano wa Bunge unapoanza Dodoma: wenzetu wana seneta, sisi anayetusemea ni nani, na kazi yake hasa ni ipi? Swali ni zuri, ila majibu yake vijiweni yamechanganyika mno. Utamsikia mmoja akimlaumu mbunge kwa kalavati lililobomoka mtaani kwake, na mwingine akimlaumu diwani kwa bei ya mbolea, ilhali wahusika wa mambo hayo mawili ni watu wengine kabisa.

Tuyaweke majina sawa kwanza. Diwani huchaguliwa na wakazi wa kata moja na huketi katika baraza la halmashauri, iwe ya jiji, manispaa, mji au wilaya. Mbunge wa jimbo huchaguliwa na wakazi wa jimbo lenye kata kadhaa na huketi katika Bunge la Jamhuri ya Muungano. Katika uchaguzi wa mwaka 2025 nchi ilikuwa na majimbo 272, na huku kwetu lilizaliwa Jimbo la Uyole baada ya Mbeya Mjini kugawanywa. Seneta ni mjumbe wa seneti, yaani baraza la pili la bunge katika nchi zilizoamua bunge lao liwe na mabaraza mawili. Muswada ni sheria ambayo bado haijapitishwa: vifungu vimeandikwa, lakini havimfungi mtu yeyote mpaka vipigiwe kura na kutiwa saini.

Seneti huanzishwa, mara nyingi, kwa sababu ya hofu moja: kwamba maeneo yenye watu wengi yatayameza yale yenye watu wachache. Marekani kila jimbo lina maseneta wawili wanaochaguliwa kwa miaka sita, jumla yao 100, na hesabu hiyo haibadiliki hata kama California ina watu zaidi ya milioni 39 na Wyoming haifiki 600,000. Kenya ilirudisha seneti yake kwa Katiba ya mwaka 2010. Kila kaunti kati ya 47 huchagua seneta mmoja, kisha huongezwa 20 wanaoteuliwa kupitia vyama ili wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wawemo. Seneta wa Kenya hushughulika na sheria zinazogusa kaunti, namna mapato ya taifa yanavyogawanywa kwa kaunti (Katiba yao inataka zisipate chini ya asilimia 15), usimamizi wa fedha hizo, na mashauri ya kuwaondoa magavana. Miswada ya kodi si yake. Hiyo ni ya Bunge la Taifa, na ndiyo maana zogo la Muswada wa Fedha wa Juni 2024 liliwaelekea wabunge kuliko maseneta.

Tukiuleta mpangilio huo huku kwetu kwa kuwazia tu, Mkoa wa Mbeya, ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 2.3, ungepata seneta mmoja, na Iringa yenye watu karibu milioni 1.2 ungepata mmoja vilevile. Watu wa Iringa pengine wangeupenda mpango huo kuliko watu wa Mbeya. Lakini seneti ya namna hiyo inahitaji kwanza pawepo na serikali za majimbo au kaunti zinazotajwa na Katiba kuwa na mamlaka na mgawo wao, na mikoa yetu haiko hivyo: mkoa ni mkono wa Serikali Kuu, na halmashauri zinaendeshwa kwa sheria zilizotungwa na Bunge, hasa zile mbili za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji. Kwa hiyo kazi ambazo Kenya zimegawanywa kati ya mbunge, seneta na mjumbe wa bunge la kaunti, kwetu zimebebwa na mbunge na diwani tu.

Na mbunge amepewa nini? Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, kisha inaorodhesha njia za kufanya hivyo: kumuuliza waziri maswali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria, na kuridhia mikataba. Msomaji akiipitia orodha hiyo kwa makini ataona kuwa kutunga sheria, ambako ndiko jina la mbunge linakotufanya tukufikirie kwanza, kumetajwa katika nafasi ya nne, na kwamba kujenga, kununua na kugawa havimo kabisa.

Hebu tukae kidogo kwenye kutunga sheria, kwa sababu ndiyo sehemu isiyoonekana na ambayo, kwa maoni yangu, inagusa mifuko ya watu kuliko ziara yoyote ya mbunge jimboni. Chukua ushuru wa mazao. Kabla ya mwaka 2017 halmashauri ziliweza kutoza hadi asilimia 5 ya bei ya mazao. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliushusha ushuru huo hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikamwondolea ushuru msafirishaji wa mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa maharage ya shilingi milioni moja, hiyo ni tofauti kati ya shilingi 50,000 na 20,000. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, lakini mkulima wa Mbozi au Rungwe anajua fedha hiyo hukatwa wapi: kwenye bei anayopewa yeye shambani. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba halmashauri zilizotegemea ushuru huo zilipoteza mapato, na madiwani wakalazimika kupunguza walichokuwa wamepanga kujenga. Mistari michache ndani ya muswada mnene iliwafikia mamilioni ya watu ambao wengi wao hawakujua siku ulipopigiwa kura.

Safari ya muswada wenyewe si ngumu kuielewa. Huchapishwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa mara ya kwanza bungeni, na hapo husomwa jina lake tu bila mjadala. Hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika, ambayo huwaita wadau na wananchi kutoa maoni. Hurudi ukumbini kusomwa mara ya pili, na sasa waziri hutoa hoja, mwenyekiti wa kamati husoma maoni ya kamati, na wabunge huchangia. Baada ya hapo Bunge hugeuka kuwa Kamati ya Bunge Zima na kuupitia kifungu kwa kifungu. Hapa ndipo mbunge aliyejiandaa huleta jedwali lake la marekebisho na kubadilisha neno au asilimia. Husomwa mara ya tatu, hupitishwa, na hupelekwa kwa Rais. Rais akikataa kutia saini, anaurudisha na sababu zake, na hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita kupita isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili za wabunge wote.

Katika mlolongo huo wote, hatua yenye uzito ni ya kamati, na ndiyo ambayo kamera haikai muda mrefu. Mbunge anaweza kunyamaza ukumbini wiki nzima na bado akawa ndiye aliyeokoa kifungu kimoja muhimu kwenye kamati, na mwingine anaweza kusimama kila siku, akapigiwa makofi, video yake ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na asiache alama hata ya koma kwenye sheria yoyote. Kumpima mbunge kwa wingi wa maneno yake ni kipimo duni. Kipo pia kipimo kinachosahaulika: kamati za hesabu, ile ya Serikali Kuu na ile ya serikali za mitaa, ambazo huchambua ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu na kuwahoji wakurugenzi juu ya fedha zilizopotelea njiani.

Si kila kitu kinachomfunga mwananchi hupita kwenye mlolongo huo. Sheria nyingi humpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, nazo, pamoja na amri na matamko mengine, hutolewa kwa Tangazo la Serikali. Wakazi wa Mbarali hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kwao "GN 28", yaani Tangazo la Serikali namba 28 la mwaka 2008, iliyopanua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kuingia bonde la Usangu, ilikuwa mazungumzo ya kila siku kwa miaka mingi. Karatasi ya aina hiyo huweza kubadilisha maisha ya vijiji vizima bila kupitia ule usomaji wa mara tatu, na mbunge asiyefuatilia matangazo ya namna hii anakuwa amelala katika sehemu kubwa ya kazi yake.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako ndiko upotoshaji mkubwa uliko. Mbunge hawezi kusimama Dodoma na kuamua kwamba shilingi bilioni kadhaa ziende kwenye barabara ya jimboni kwake. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia pendekezo la kutoza kodi, au la kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amependekeza na pendekezo hilo limewasilishwa na waziri. Mbunge anaweza kupinga, anaweza kupendekeza kodi ipunguzwe, anaweza kuhoji kwa nini Fungu 78, ambalo ni la Mkoa wa Mbeya, limepangiwa kiasi fulani, lakini hawezi kuandika matumizi mapya kwa kalamu yake mwenyewe.

Silaha aliyonayo ni ndogo kwa sura na kali kwa matumizi: ile inayoitwa kushika shilingi. Bunge linapopitisha makadirio ya wizara, mbunge asiyeridhika na maelezo ya waziri hutangaza kuwa ataondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri huyo. Shilingi yenyewe haina maana yoyote. Shabaha ni kulazimisha suala lijadiliwe na wabunge wengine waunge mkono au wakatae, na mara nyingi waziri hutoa ahadi kabla kura haijafika. Ahadi hiyo huingia katika Taarifa Rasmi za Bunge, na mbunge makini ataitumia mwakani. Asiye makini atairudisha shilingi, atashukuru, na hadithi itaishia hapo.

Kwa nini Katiba ilimnyima mbunge mkoba wa kujenga? Mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa pale Mbozi atalielewa hili upesi. Bodi huchaguliwa na wanachama, hupitisha makisio, huhoji hesabu. Meneja ndiye anayenunua, kupima na kulipa. Siku mjumbe wa bodi akianza kushika mzani mwenyewe na kulipa wakulima kwa mkono wake, mkutano mkuu utakosa mtu wa kumuuliza meneja kilo zilikokwenda, kwa sababu aliyepaswa kuuliza naye ana kilo za kuelezea.

Hata hivyo mbunge ana mfuko mmoja ambao watu huuita wake. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009, na mbunge wa jimbo ni mwenyekiti wa kamati inayoamua miradi itakayopata fedha. Lakini fedha hizo hupitia halmashauri, hutumika kwa taratibu za manunuzi za halmashauri na hukaguliwa kama fedha nyingine za umma. Kiasi chake ni cha kumalizia boma la darasa au kununua mabati ya zahanati iliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi. Lami ya kutoka Tukuyu hadi kijiji cha ndani haijengwi kwa mfuko huu, na mbunge anayeahidi hivyo jukwaani anajua anachokifanya.

Barabara zenyewe zina wenyewe. Ile ya kutoka Makambako kupita Mbeya kwenda Tunduma, na ile ya kushuka Tukuyu hadi Kasumulu mpakani, ni barabara kuu, na msimamizi wake ni TANROADS. Vivyo hivyo barabara za mkoa, kama ile ya kutoka Iringa kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Za mitaani na za vijijini ni za TARURA tangu mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA iliyoanzishwa mwaka 2019, huku mijini kukiwa na mamlaka za maji. Kalavati la mtaani, kwa hiyo, linaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani, wakamfuate meneja wa TARURA wa wilaya. Bei ya mbolea ni suala la wizara na la ruzuku iliyorejeshwa katika msimu wa 2022/2023, na hapo mbunge ndiye mwenye mdomo wa kulifikisha, kwa swali la msingi lenye maswali ya nyongeza, au kwa swali la Alhamisi kwa Waziri Mkuu ikiwa ni jambo la sera. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni ya halmashauri. Katibu wa mbunge anaweza kukuelekeza dirisha, lakini hana hundi mfukoni.

Hapa ndipo utumishi kwa wapigakura unapokaa hasa, na ndipo mbunge wetu na seneta wa Marekani wanapofanana kuliko mahali pengine popote. Seneta wa kule ana ofisi katika jimbo lake ambako mkongwe wa jeshi aliyecheleweshewa mafao, au mtu ambaye hati yake ya kusafiria imekwama, huenda kueleza shida yake. Watumishi wa seneta huiandikia idara husika na kuifuatilia mpaka jibu litoke. Hawawezi kuiamuru idara impe mtu asichostahili, ila wanaweza kuihoji kwa nini haijajibu. Ofisi ya mbunge hapa hupokea mambo ya aina hiyohiyo: mstaafu ambaye mafao yake hayajakamilika, mwanafunzi aliyekosa mkopo, familia inayodai fidia ya eneo lililopitiwa na mradi, kijiji kilichorukwa na nguzo za umeme. Barua ya mbunge haina nguvu ya hukumu. Haimwondoi mkurugenzi wa halmashauri, ambaye huteuliwa na Rais, wala haimwamuru mkuu wa wilaya au polisi. Nguvu yake iko katika kuuliza, na katika kujua kwamba aliyeulizwa leo kwa barua anaweza kuulizwa kesho mbele ya kamati.

Mbunge pia ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri iliyomo jimboni kwake, na nashangaa kuona wananchi wachache sana wakiuliza mahudhurio yake huko. Tunajua nani alihudhuria msiba upi. Rambirambi na jezi za timu ni ukarimu, na hakuna anayemkataza mtu kuwa mkarimu kwa fedha zake, lakini tukivifanya kuwa kipimo cha kazi tunamfundisha mbunge kutafuta fedha za kugawa badala ya muda wa kusoma miswada. Wala viti maalumu si ubunge nusu, kama inavyosemwa mara kwa mara. Mbunge wa viti maalumu anapiga kura, anauliza na anaketi kwenye kamati sawasawa na wa jimbo. Kisichoruhusiwa ni yeye kuteuliwa Waziri Mkuu, kwa kuwa Katiba inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo.

Nyanda za juu kusini zina sababu yake ya kuijua kanuni moja zaidi, kwa kuwa zimelipatia Bunge maspika watatu: Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, aliyelishika kiti kuanzia mwaka 1962 hadi 1994 akikatizwa na kipindi kifupi cha miaka ya 1970, Anne Makinda wa Njombe, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo, 2010 hadi 2015, na Tulia Ackson wa Mbeya, aliyechaguliwa mwaka 2022 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Spika akiwa kitini hachangii mjadala, haulizi waziri maswali, na hana kura ya kawaida, isipokuwa kura ya uamuzi pande mbili zinapolingana. Mpigakura aliyesubiri kumsikia Spika akililia barabara ya jimbo ukumbini alikuwa anasubiri jambo ambalo haliwezekani. Kazi ya jimbo kwa mbunge wa namna hiyo hupita ofisini, kwa barua na kwa vikao.

Kwa anayetaka suala lake lisikike, kalenda ina uzito kuliko sauti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Mkutano wa Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, lakini tarakimu zinazojadiliwa huko zimekwisha kupikwa. Mahitaji ya kijiji au mtaa huanzia kwenye mkutano wa wananchi, hupita kamati ya maendeleo ya kata, na huingia katika bajeti ya halmashauri kabla baraza halijaipitisha, kwa kawaida mapema katika mwaka mpya. Mwananchi anayempigia simu mbunge mwezi Mei akitaka zahanati iingizwe amechelewa kwa mwaka mzima. Angemkuta diwani wake mwezi Novemba. Kwa miswada mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa kamati ikishatangaza kupokea maoni, mtu wa Kyela au Makete halazimiki kusafiri: maoni huandikwa, yakitaja kifungu kinachopingwa na maneno yanayopendekezwa badala yake, yakaelekezwa kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, na nakala kwa mbunge wake ili siku ya jedwali la marekebisho awe nayo mkononi.